Maswali ya Wasomaji: Gari la Marehemu Baba na Rangi Iliyo Chini ya Zulia

Mwezi huu tumepokea barua kadhaa kuhusu magari ya michezo ya zamani, na tumechagua tatu. Anayejibu ni fundi wetu wa Malindi, ambaye amefanya kazi ya bodi na injini kwa muda mrefu hapa pwani.

SWALI LA KWANZA

Bwana Fundi, shikamoo. Mimi ni binti wa Maweni, Malindi. Marehemu baba yangu alituachia gari aina ya MGB, la viti viwili na paa la turubai, ambalo limesimama ndani ya banda la makuti nyuma ya nyumba yetu kwa miaka kumi na minane. Kitabu cha gari kinaonyesha kwamba lilisajiliwa mwaka 1965. Namba ya chasisi inaanza na GHN3, na kwenye injini kuna kibati chenye maandishi 18GB-U-H kikifuatiwa na tarakimu. Gari ni jekundu, lakini nilipoinua zulia nyuma ya viti nilikuta rangi ya buluu hafifu. Vizingiti vya chini ya milango vimeoza kiasi cha kidole kupenya. Fundi mmoja wa hapa mjini ametuambia kwamba atavifunika kwa bati jipya, ataitoa injini na kuweka ya Toyota, kisha atapiga rangi nyekundu, na kabla ya Ramadhani gari litakuwa barabarani. Ndugu zangu wamekubali. Mimi natamani lirudi lilivyotoka kiwandani. Je, hilo linawezekana? Nianzie wapi, na fundi huyu nimwambie nini?

JIBU

Marahaba, mwanangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu baba yako. Jambo hilo linawezekana, na gari lako ni katika yale ambayo hurejesheka vizuri kuliko mengi, kwa sababu MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi 1980, zaidi ya laki tano, na mpaka leo vipuri vyake vinapatikana. Lakini kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Watu wengi wakisema kwamba gari limerudi kama jipya, wanakusudia kwamba linang'aa. Kulirudisha gari katika hali ya kiwandani ni kulifanya liwe na injini ile, rangi ile, ngozi ile ya viti, hata bolti na waya za aina ile, kama siku lilipotolewa mlangoni mwa kiwanda. Kazi hiyo huanza kwa kusoma, na spana hufuata baadaye sana.

Wewe umeshaanza kusoma bila kujua, kwa kuniandikia namba zile. Katika GHN3, herufi G ni ya MG, H ni ya injini yenye ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 1400 na 1999, N ni ya gari la wazi la viti viwili, na 3 ni alama ya toleo la mwanzo. Katika 18GB tunasoma kwamba hii ni injini ya sentimita za ujazo 1,798 yenye beringi kuu tano, iliyochukua nafasi ya ile ya beringi tatu mnamo Oktoba 1964. U inaonyesha mkono wa gia ulio katikati, H inaonyesha mgandamizo mkubwa, na kwa kuwa hakuna R kabla ya U, injini hiyo ilitoka bila gia ya ziada ya mwendo wa kasi ambayo wanunuzi wengine waliilipia. Basi kibati cha injini, namba ya chasisi na mwaka wa usajili vinakubaliana, na hiyo ni dalili njema sana. Nasema dalili tu, kwa maana kibati hicho kimeshikwa kwa ribiti, na chochote kilichoshikwa kwa ribiti kinaweza kuhamishwa. Kilinganishe na namba ya injini iliyomo katika kitabu cha gari.

Ushahidi wa kukata shauri uko Uingereza. Jumba la makumbusho ya magari la British Motor Museum, lililoko Gaydon, limehifadhi daftari za kiwanda, na mwenye MGB akiwapelekea namba ya chasisi na ada yao, humwandikia hati inayotaja siku gari lilipoundwa, siku lilipopelekwa, nchi lilikokusudiwa, rangi ya bodi, rangi ya viti, namba ya injini na vitu vya ziada lililotoka navyo. Iagize hati hiyo kabla ya kununua hata kopo moja la rangi. Gari la 1965 linahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa huo ulikuwa mwaka wa mabadiliko: vitasa vya nje vya kuvuta vilivyokuwa kwenye magari ya kwanza vilibadilishwa kuwa vya kubonyeza, na tangi la petroli la galoni 10 likafuatwa na la galoni 12. Mtu asiyejua tarehe ya gari lake hununua kitasa kizuri, cha asili kabisa, kumbe ni cha miezi mitatu baadaye.

Wakati ukisubiri hati hiyo, lipige gari picha. Piga kila upande, kila kona, kila mahali waya unapopita na kila bolti jinsi ilivyokaa, mamia ya picha, kabla ya mtu yeyote kufungua kitu. Tazama nyuma ya dashibodi, ndani ya milango baada ya kutoa kitambaa, na chini ya mfuniko wa buti. Ukikuta buluu ileile katika sehemu hizo zote, unajua kwamba ndiyo rangi ya mwanzo. Nadhani ni ile iliyoitwa Iris Blue, ambayo ilikuwa miongoni mwa rangi za kiwanda za miaka hiyo. Weka sumaku juu ya boneti. Kama haishiki, boneti yako ni ya alumini, kama zilivyokuwa boneti za MGB za wakati huo, na usikubali ibadilishwe kwa ya bati hata kama imebonyea. Ichunguze hasa pale inapogusana na bawaba za chuma, kwa kuwa alumini na chuma vikikaa pamoja katika hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na huacha unga mweupe. Kisha fungua mfuniko ulio nyuma ya viti utazame betri. Gari lako lilitoka na betri mbili za volti 6 zilizoungwa kwa mfuatano, kila moja ndani ya kitanda chake cha chuma, na vitanda hivyo huoza mapema kwa sababu ya asidi juu na maji ya barabarani chini.

Sasa vizingiti, ambavyo ndiyo roho ya barua yako.

Gari la MGB halina chasisi ya peke yake kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na kwa kuwa halina paa la chuma, nguvu inayoshika mbele na nyuma visiachane hupita karibu yote katika vizingiti viwili vya chini ya milango. Kizingiti kimoja si bati moja. Kuna bati la ndani linaloshikana na sakafu, kuna ukuta wa kati unaosimama wima, kuna sehemu ya chini yenye umbo la mikunjo inayofunga boksi lile kwa chini, na kuna bati la nje, ambalo ndilo pekee unaloliona. Kidole chako kilipenya bati la nje. Uozo lakini huanzia ndani, ambako vumbi na unyevu hukaa miaka bila kupata hewa, na chumvi yetu huufanya unyevu huo usikauke, kwa kuwa chumvi huvuta maji kutoka hewani hata siku isiyo ya mvua. Atakayekufunikia bati jipya juu ya bovu atakupa kizingiti kizuri cha kutazamwa kisicho na nguvu yoyote, na chini yake kutu itaendelea na kazi yake gizani. Baada ya masika mawili milango itaanza kukwama. Hilo nakusihi usilikubali, hata kama mengine yote utakubaliana naye.

Njia ya sawa ni ndefu. Gari libaki limekaa juu ya magurudumu yake, au juu ya stendi zilizowekwa chini ya ekseli, ili uzito ukae mahali pake pa kawaida. Milango ifungwe, na mianya yake ipimwe juu, katikati na chini, na vipimo viandikwe. Kisha fito imara za chuma zichomelewe kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa kwa kila upande, na nyingine ya kuvuka kutoka upande hadi upande, ndipo kukatwa kuanze, upande mmoja tu kwa wakati. Madigadi ya mbele yameshikwa kwa bolti, kwa hiyo yafunguliwe, kwa sababu kizingiti cha nje kinaendelea hadi chini yake. Kwa nyuma, sehemu ya chini ya madigadi hukatwa na baadaye kurudishwa. Nukta za weldi za kiwandani zitobolewe moja moja kwa keekee badala ya kung'olewa kwa patasi, na bati jipya, la unene wa takriban milimita moja kama la asili, lichomelewe kwa kujaza matundu, katika nafasi zilezile ambamo kiwanda kilipiga nukta zake. Kabla boksi halijafungwa, ndani yake lipigwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kulinda bati, ya aina inayostahimili kuchomelewa. Baada ya kufungwa, na baada ya rangi, limiminiwe nta ya kuzuia kutu kupitia matundu ya kutolea maji, na matundu yenyewe yaachwe wazi.

Mafundi wa majahazi wa hapa kwetu wanalijua jambo hili kuliko sisi wa magari. Jahazi likioza mbao za ubavuni, fundi habomoi ubavu mzima. Hutoa ubao mmoja, huweka mwingine uliochongwa kwa kipimo cha ule wa zamani, ndipo huhamia wa pili, na umbo la chombo halipotei. Mimi nilijifunza kwa njia mbaya. Miaka mingi iliyopita, katika gari la wazi kama lako, nilikata vizingiti vya pande zote mbili kwa siku moja bila kufunga fito, nikiamini kwamba stendi nne zingetosha. Asubuhi yake gari lilikuwa limelala katikati, mianya ya juu ya milango ilikuwa imejifunga, na ilinichukua majuma kulinyoosha, wala halikunyooka sawasawa. Mwenyewe alilipokea kwa shukrani, asijue. Mpaka leo nikiliona barabarani jicho langu huenda kwenye mwanya ule wa mlango.

Utasikia pia kwamba tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitoa mabodi mapya ya MGB yaliyotengenezwa kwa vifaa vilevile vya kiwanda, na kwamba ni rahisi kuagiza moja na kuhamishia kila kitu. Ni kweli, na kwa gari lililooza lote ni msaada mkubwa. Kwa lako sioni haja. Bati lililopita mikononi mwa wafanyakazi wa mwaka 1965 na kubebwa na bahari hadi Mombasa likiwa bado linafaa, lina thamani ambayo bati jipya halina, na mimi daima huchagua kipande cha asili kilichochakaa kuliko kipya kinachofanana nacho. Badilisha kilichokufa tu.

Injini isitolewe kwenda kuuzwa. Kibati kile kikikubaliana na hati ya Gaydon, una gari lenye injini iliyozaliwa nayo, na ikiondoka hairudi. Isizungushwe kwa stata baada ya miaka kumi na minane ya kusimama. Zitolewe plagi, yamiminwe mafuta mepesi ndani ya silinda, yaachwe siku kadhaa, kisha injini izungushwe taratibu kwa mkono. Kuna mahali pamoja tu ambapo ningekiuka uasili kwa moyo mweupe. Kichwa cha injini hii ni cha chuma cha kusubu, na viti vya vali zake za moshi vilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya petroli ya wakati huo. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, na tangu hapo vali huweza kujichimbia polepole ndani ya kichwa. Wakati kichwa kikiwa nje, kwa kuwa lazima kitatoka, viwekwe viti vya vali vya chuma kigumu. Havionekani, na gari halitapoteza chochote.

Kuhusu umeme, mweleze fundi yeyote atakayeligusa kwamba katika gari hili ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari aliyoyazoea. MGB zilibaki hivyo hadi toleo la pili lilipokuja mwaka 1967 na alteneta. Wapo watakaokushauri ugeuze. Usigeuze, kwa sababu saa ya kampuni ya Smiths inayopima mizunguko ya injini ni ya umeme na imefungwa kwa mpangilio huo. Weka tu kibandiko kinachoonekana karibu na betri, na usiruhusu mtu alete nyaya za kuwashia kutoka gari jingine bila kukisoma.

Nimeacha rangi mwisho kwa makusudi. Mwanangu, hapa fundi anaweza kukueleza, lakini uamuzi ni wako. Kama nia yako ni hali ya kiwandani, na hati ikathibitisha, gari ni la buluu. Lakini huenda baba yako alilinunua likiwa tayari jekundu, akawapakia humo mkiwa wadogo, na watu wa mtaa wakalijua kwa wekundu huo. Hilo nalo ni ukweli wa gari. Mimi ningelirudisha kwenye buluu, nikiwa na uhakika kwamba wekundu uliwekwa baadaye na mtu ambaye hatujui nia yake. Ila ningeacha kipande cha upana wa viganja viwili pale chini ya zulia ulipopaona, buluu ya zamani na nyekundu iliyo juu yake, bila kupiga msasa wala kupaka chochote isipokuwa nta. Siku moja mwanao atainua zulia lile.

Vyovyote utakavyochagua, rangi isipigwe wakati wa masika wala katika siku za unyevu mwingi. Rangi za selulosi za aina iliyotumika zamani, zikipigwa katika hewa nzito, hupoza bati wakati kiyeyushi chake kinapoyeyuka, umande usioonekana hujishika juu yake, na kesho yake rangi huwa na weupe kama ukungu. Subirini kaskazi, mfanye kazi asubuhi kabla upepo haujaanza kuinua vumbi na chumvi.

Fundi huyo mwambie kwa heshima, mbele ya ndugu zako, kwamba hutaki gari lifunikwe, na kwamba utamlipa kwa hatua: kufungua na kuandika, kisha vizingiti vya upande mmoja, kisha wa pili, kila hatua ikaguliwe kabla ya nyingine. Akikubali kufunga fito kabla ya kukata, ni mtu wa kufanya naye kazi. Ramadhani hii haitatosha, na huenda hata ijayo isitoshe. Ndugu zako waonyeshe hati itakapofika. Nimeona karatasi moja yenye tarehe ya kuzaliwa ya gari ikibadilisha mioyo ya familia nzima.

SWALI LA PILI

Fundi mpendwa, salaam. Mimi ni mkazi wa Lamu mjini, na kwa kuwa mitaa yetu ni ya watu na punda, gari langu aina ya Datsun 240Z naliweka bara, Mokowe. Nataka kulirudisha katika hali yake ya asili, yaani jekundu, boneti nyeusi, taa kubwa za mbele na kinga ya chuma, kama zile zilizoshinda Safari Rali. Lina mlango wa nyuma wenye matundu mawili ya hewa. Wapi nitapata vifaa hivyo?

JIBU

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Fahari yako naielewa, maana hata mimi ninaikumbuka miaka ile. Datsun 240Z ilishinda Safari Rali ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Wekundu na boneti nyeusi vilikuwa vazi la magari ya timu ya kiwanda, yaliyoandaliwa kwa mashindano na kuimarishwa kuanzia bodi hadi magurudumu.

Lakini hiyo siyo hali ya asili ya gari lako. Lako liliuzwa kwa mtu wa kawaida kwa matumizi ya barabara, na asili yake ni ile: injini ya silinda sita za mstari mmoja yenye sentimita za ujazo 2,393, kabureta mbili za Hitachi, magurudumu ya chuma ya inchi 14, na rangi moja bodi nzima, boneti ikiwemo. Ukilivika vazi la rali utakuwa umetengeneza mfano wa gari jingine. Si dhambi, na wako wanaofanya hivyo kwa ustadi mkubwa, ila usiliite la asili, na zaidi ya yote usimwachie mnunuzi wa kesho adhani kwamba lilipita Taita na Mlima Kenya na timu ya kiwanda.

Matundu yale mawili ya mlango wa nyuma ndiyo yaliyonifanya niijibu barua yako hapa. Yalikuwepo kwenye magari ya mwanzo tu. Kufikia 1971 kiwanda kilikuwa kimeyahamishia kwenye nguzo za pembeni, nyuma ya madirisha. Kwa hiyo huenda una moja la miaka ya kwanza kabisa, na magari hayo yanatafutwa sana. Hakikisha kwamba mlango huo haukutoka kwenye gari jingine: soma namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta ulio kati ya injini na abiria, ambayo kwa gari la usukani wa kulia lililouzwa nje ya Japani huanza na HS30, uilinganishe na kibati kilichomo ndani ya boneti, na utazame kama nguzo za pembeni zina matundu ya hewa au dalili ya kuzibwa. Mpaka utakapojua, mtu yeyote asitoboe tundu hata moja la kufungia taa au kinga. Kisha inua zulia utazame sakafu, na chini ya kitanda cha betri, kwa kuwa huko ndiko 240Z huanza kuoza hata katika nchi zisizo na bahari karibu. Na wewe Mokowe umeliweka hatua chache kutoka majini. Kama una jamaa Mpeketoni au popote ndani zaidi ya bara mwenye banda kavu, lihamishe mwezi huu.

SWALI LA TATU

Fundi, shikamoo. Mimi ni fundi chipukizi wa Muyeye. Tajiri mmoja ameniletea gari la michezo la zamani nilivue rangi yote hadi bati. Nina kompresa, na mchanga wa ufukweni haulipiwi. Je, naweza kuutumia kuvulia rangi? Na bati likishakuwa wazi, nilifunike kwa turubai la plastiki hadi nitakapopata praima?

JIBU

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza kabla ya kufanya, na kwa hilo nakupongeza. Majibu yote mawili ni hapana.

Mchanga wa ufukweni una chumvi, na ukiurusha kwa nguvu ya kompresa unaipigilia chumvi hiyo ndani ya vinyweleo vya bati ambalo hadi jana lilikuwa limelindwa. Utapaka praima nzuri juu yake, na baada ya miezi michache rangi itavimba malengelenge. Tena mchanga mkavu, wa ufukweni au wa mto, hulipiga bati hadi likatanuka, na boneti au mlango ukishajikunja mawimbi, huna njia rahisi ya kuurudisha. Lililo zito zaidi ni pafu lako: vumbi laini la mchanga huingia kifuani na kubaki humo, na ugonjwa wake hauna dawa ya kuutoa. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii. Tumia dawa ya kuvulia rangi, kikwaruzio na msasa, sehemu moja baada ya nyingine, ukiwa na glavu na mahali penye hewa. Ni polepole, lakini utaona tabaka za rangi zikifunguka moja baada ya nyingine, na kila tabaka uipige picha, kwa sababu tajiri wako atataka kujua gari lilianza na rangi gani, na wewe ndiye shahidi wa mwisho.

Kuosha, usitumie maji ya kisima cha kwetu, ambayo mengi ni ya chumvi. Kinga maji ya mvua au tumia ya mfereji, kisha kausha papo hapo kwa hewa ya kompresa na kitambaa safi. Bati lililo wazi hapa Malindi huanza kupata wekundu wa kutu kwa usiku mmoja tu, kwa hiyo usivue zaidi ya unachoweza kupaka praima siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama. Praima iwe ya epoksi, kwa sababu nyingi za zile za kawaida hupitisha unyevu. Iwe tayari mkononi kabla hujagusa rangi ya zamani.

Turubai la plastiki hufungia jasho la usiku chini yake, na gari hukaa ndani ya mvuke hadi mchana. Banda la makuti lenye upepo ni bora mara nyingi kuliko plastiki, na ukihitaji kufunika vumbi, tumia shuka la pamba, ulitoe kila asubuhi. Vipande vidogo ulivyofungua, bolti, bawaba na vishikizo, vipake mafuta, uviweke kwenye mifuko midogo pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, kwa sababu wino hufutika kwa mafuta, ukitaja kilipotoka na upande gani. Mifuko ya mlango wa kulia isikae kwenye kasha moja na ya kushoto.